Kabla ya Mkeka wa Mbao, Hagadera Ipate Sakafu

Nyumba nyingi za Nairobi na Mombasa siku hizi zimetandikwa kitu ambacho Wakenya wamekipa jina tamu: mkeka wa mbao. Si mkeka, wala si mbao. Ni vinili iliyochapishwa sura ya mti, na ile bora zaidi huja kwa vipande virefu vyenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, vikaumana kwa mlio mdogo bila gundi wala msumari. Jina hilo halingekuwa geni kwa bibi wa Kisomali wa kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Kwa wafugaji wa kuhamahama, nyumba nzima ilikuwa mikeka. Nyumba hiyo, aqal, husimamishwa na wanawake kwa fito zilizopindwa, ikafunikwa mikeka waliyoisuka wenyewe, na siku ya kuhama ikakunjwa na kubebeshwa ngamia.

Leo wajukuu wa mabibi hao hawahami, na bado wanakaa juu ya mchanga. Hagadera, katika eneo la Fafi kaunti ya Garissa, ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo. Kambi hizo, pamoja na Dagahaley, ndizo zinazoitwa Dadaab, na zilipangiwa watu 90,000. Ukame wa 2011 uliposukuma maelfu kuvuka mpaka kutoka Somalia, idadi ilipita 400,000. Watoto wamezaliwa humo, wakakua, wakazaa wao. Nyumba zao ni fito, udongo, mabati na turubai. Chini ni ardhi iliyofagiliwa vizuri na kutandikwa mkeka wa plastiki. Mama wa nyumba huukung'uta asubuhi, na jioni mchanga umesharudi. Hapohapo watoto hutambaa, chakula huandaliwa na musala hutandazwa.

Watu hawa hawakosi bidii wala ustadi. Soko la Hagadera, lenye maduka ya nguo, simu, vyakula na vifaa vya ujenzi, linatosha kuthibitisha hilo. Kilichowazuia ni amri. Kwa miaka mingi serikali haikutaka kambini jengo lenye sura ya kudumu, kwa hoja kwamba mkimbizi ni mgeni na mgeni huondoka. Mwanzoni mwa muongo uliopita, mashirika yalipoanza kujenga nyumba za matofali ya udongo yanayofungana katika upanuzi wa Ifo, kazi ilisimamishwa kwa sababu nyumba zilionekana imara mno. Mei 2016 ilitangazwa kwamba Dadaab ingefungwa kabisa, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikaamua kuwa agizo hilo lilikiuka Katiba. Nani angemimina saruji katika chumba alichoambiwa atakihama?

Gharama ya kungoja huko imelipwa na miili ya watoto. Mexico ilitoa somo la wazi kupitia mpango wa Piso Firme, ulioanzia jimbo la Coahuila mwaka 2000: serikali ilimwaga saruji katika nyumba za maskini zilizokuwa na sakafu ya udongo, bila kugusa kuta wala paa. Watafiti walipolinganisha familia zilizopata sakafu na zile zilizokosa, walikuta maambukizi ya minyoo kwa watoto wadogo yamepungua kwa asilimia 78 na kuhara kwa asilimia 49. Upungufu wa damu ulishuka kwa asilimia 81. Hata akina mama waliripoti furaha zaidi na msongo mdogo. Sababu yake haina fumbo: mayai ya minyoo na vijidudu vya kinyesi hukaa ardhini, na mtoto anayetambaa hupeleka mkono mdomoni kutwa nzima. Dadaab imepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2022. Sakafu peke yake haizuii kipindupindu, kwani maji na vyoo ndivyo vinavyotangulia, lakini kinachomwagika juu ya saruji huoshwa, na kinachomwagika juu ya mchanga hubaki humo.

Sasa upepo umegeuka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika wa serikali, uliozinduliwa Machi 2025, zinalenga kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi huishi pamoja na wenyeji chini ya huduma za kaunti. Ramani zitachorwa, na wafadhili watapiga picha kuta mpya. Hapo ndipo hofu ilipo, maana sakafu haionekani kwenye picha. Makala hii inashikilia kwamba pesa ya kwanza ya nyumba ya Hagadera iende chini.

Mkeka wa mbao unaoumana una sifa inayouvutia moyo wa mtu aliyewahi kuhamishwa. Huelea tu juu ya sakafu, kwa hiyo ukilazwa vizuri unaweza kufunguliwa kipande kwa kipande, ukafungwa na kubebwa, kama aqal. Lakini unadai kilicho chini yake kiwe kigumu, kikavu na sawasawa. Mafundi huweka kipimo kirefu cha mita 2 sakafuni. Kikiacha mwanya unaozidi milimita 3 hivi, bonde hilo lijazwe kwanza. Lisipojazwa, kila hatua hukandamiza maungio hadi ulimi ukatike. Juu ya mchanga hauwezi kudumu hata kidogo.

Na saruji nayo isubiriwe. Zege jipya huhitaji siku 28 kukomaa, na unyevu hukaa ndani muda mrefu zaidi ya hapo. Fundi mwangalifu hugundisha kipande cha nailoni sakafuni kwa siku moja hadi tatu. Kikitoa jasho upande wa chini, kazi bado. Chini ya zege lenyewe hutandikwa karatasi nzito ya nailoni, ile ya geji 1000, ili maji ya ardhini yasipande. Mvua za Novemba 2023 zilizofurika Garissa na kambini zilikumbusha kwamba nchi kavu nayo huzama. Hivyo sakafu iinuliwe juu ya usawa wa uwanja, vinginevyo tope litaingia chini ya vipande na kukaa huko.

Joto ni mtihani mwingine. Garissa hupita nyuzi 35 mara nyingi, na chini ya mabati hali ni kali zaidi. Vinili hutanuka. Bila nafasi ya milimita 8 au 10 kando ya kila ukuta, ambayo baadaye hufichwa na sketingi, vipande husukumana hadi vikainuka katikati kama mgongo wa samaki. Vile vyenye kiini cha unga wa mawe huhimili joto kuliko vilivyo laini. Vyote vilazwe chumbani siku 2 kabla ya kazi ili vizoee, na mlangoni kuwekwe kizuizi cha mchanga, kwani mchanga wa Hagadera hukwaruza tabaka la juu, ambalo halifiki hata milimita moja, kama msasa.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3. Mkeka wa mbao utahitaji mita za mraba 12, na kama asilimia 10 ya vipande vya kukata. Zege la unene wa sentimita 5, kwa mchanganyiko wa 1:3:6, litakula takriban mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Kwa familia yenye uwezo wa kimoja tu kati ya hivyo viwili, jibu ni mifuko mitatu, leo, na mkeka wa plastiki uleule juu yake. Mkeka wa mbao utakuja ukitaka kuja, chumba kwa chumba, na utakuta pa kukaa.

Kaunti na mashirika wana la kufanya mara moja. Kila mradi wa makao Hagadera uandike sakafu kama kazi yake ya kwanza, kwa wakimbizi na kwa majirani wenyeji wa Fafi sawia, kwani nao wengi wanalala juu ya ardhi ileile. Vijana waliosomea uashi kambini wapewe kazi hiyo kwa ujira kamili, na yule anayetaka kununua vifaa Garissa asikwamishwe na kibali cha kusafiri. Na kazi ya kumimina ianze katika miezi mikavu, ili zege liwe limekomaa mvua za Oktoba zitakapofika.