Mwana wa Kuku Hafunzwi Kuchakura, Lakini Achakure Wapi?

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Methali hii twaijua sote, na wafugaji wengi wa kuku wachache wa nyumbani wameifanya ndiyo chakula cha kuku wao. Mlango wa banda hufunguliwa alfajiri, kuku wakatoka, na mwenyewe asiwaulize tena mpaka magharibi. Wakipata, wamepata, wasipopata, ndiyo riziki yao.

Zamani jambo hilo lilikuwa na maana. Ua ulikuwa wa mchanga na majani, mchwa na panzi hawakosi, kinu kiko papo hapo, na wishwa wa mpunga ukipepetwa kuku wako miguuni. Leo nenda Mji wa Kale, nenda Majengo au Kisauni: ua mwingi ni saruji mpaka kizingitini, na mchele waja katika gunia umekwisha kobolewa. Kuku hakusahau kuchakura, ila hana pa kuchakura. Basi huenda jaani, au jikoni kwa jirani. Ni ugomvi wa majirani wangapi ulioanza na kuku aliyeingia kudonoa mchele uliokwisha kuchaguliwa?

Hili la jaani lina neno zaidi kwetu sisi Waislamu. Wanazuoni wamemzungumza kwa urefu mnyama anayekula najisi, wakamwita jallala. Kuku mwenyewe ni halali bila ya shaka. Katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, mtu mmoja alijitenga na chakula kwa kuwa aliwahi kumwona kuku akila uchafu, naye Abu Musa al-Ash'ari akamwambia kuwa amemwona Mtume (S.A.W.) akimla. Lakini pia imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu. Mimi sioni kwa nini tungoje siku tatu za mwisho. Na alishwe vizuri tangu mwanzo.

Tena kumlisha si gharama ya kutisha. Kuku mzima anayefungiwa hula kama gramu 100 hadi 120 kwa siku. Yule anayetembea akajitafutia, konzi ya nafaka asubuhi na nyingine jioni humsaidia sana. Taabu yetu ni chicha. Nyumba ya Pwani haikosi chicha za nazi, na kwa kuwa kuku huzikimbilia, watu hudhani zimewatosha. Chicha ni nzuri, ila peke yake haijengi mwili wala yai, na kwa joto letu hili ikilala huchacha ikaota ukungu. Na ichanganywe na pumba za mahindi na dagaa waliopondwa. Hao dagaa wasiwe wa chumvi, wala kuku wasitupiwe vichwa vya ng'onda, kwani chumvi nyingi huua kuku, na vifaranga ndio hutangulia. Anayetaga apewe maganda ya kombe yaliyopondwa, ambayo bahari imetupa bure, ili ganda la yai lisiwe laini. Na maji! Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na wakati wa kaskazi huzidi hapo. Anayewafungia kuku juani bila maji amkumbuke yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka.

Vifaranga nao wasiachiwe mama yao tu. Koo hulalia siku 21, kisha kunguru akaimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Hawa kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890, leo ndio wenye mji Mombasa. Tenga lililofudikizwa uani kwa wiki nne au tano za mwanzo latosha.

Linaloniudhi zaidi ni kideri. Kuku akianza kusinzia, akaharisha kijani, shingo ikapinda, mwenyewe hukimbilia kisu. Au, vibaya zaidi, humpeleka sokoni alfajiri kabla macho ya wanunuzi hayajafunguka. Hiyo ni ghishi, na ndiyo njia ya ugonjwa kutoka mtaa hadi mtaa. Kideri hakina tiba, lakini kina chanjo: tone moja jichoni kwa kuku asiyeumwa, likarudiwa kila miezi mitatu au minne. Utaambiwa chupa moja ni ya kuku wengi, na mimi nina saba tu. Ni kweli, na dawa ikishachanganywa hailazwi. Basi nyumba kumi za mtaa mmoja zichange, aitwe bwana mifugo jioni kuku wakishaingia bandani, na asiyekuwa na cha kuchanga achanjiwe wake vile vile, maana kideri kikibaki kwake kitarudi kwetu.