TUONGEE NYUMBANI: Mama Mzee na maswali yake

Mwezi huu hatuongei mambo ya madaftari. Tunaongea juu ya mtoto mmoja wa darasa letu, na juu ya Mama Mzee wa miti shamba.

Mtoto huyo alikosa masomo siku tatu. Tukaenda kwao kuuliza. Jirani akatuambia, "Degedege ilimkamata usiku. Mama yake amembeba kwa Mama Mzee." Kusema kweli tuliogopa, kwani watoto wa namna hiyo tumekwisha kuwazika.

Lakini Mama Mzee hakumpa hata jani moja. Alifunua kope, akatazama viganja, akaona vimekuwa vyeupe. Akasema, "Huyu damu imemwishia. Hii si kazi ya majani, na si shetani. Twende hospitali, sasa hivi." Akatangulia mwenyewe na fimbo yake. Kumbe ilikuwa malaria kali. Mtoto akaongezwa damu. Leo yuko kwenye benchi lake, anapiga kelele kama zamani.

Basi tukarudi kumwuliza Mama Mzee: hiyo kazi ulisomea wapi? Akacheka. Alianza akiwa msichana mdogo, kule upande wa Fizi, anamfuata nyanya yake porini. Miaka mitatu alibeba kikapu tu, hakuruhusiwa kumpa mtu dawa. Alifumbishwa macho, akapewa majani anuse na kuyataja. Alifundishwa kutoa gamba la mti upande mmoja tu, kwa sababu ukiuzungusha wote mti unakufa, na wagonjwa wa kesho watakosa. Somo la mwisho, anasema, lilikuwa kujua ugonjwa usioweza kuutibu.

Tulikaa pale mpaka jioni. Akaja mama mmoja, kichwa kinamwuma kila siku. Sisi tulingoja aletewe mizizi. Mama Mzee akaanza maswali: Unalala? Unakula mara ngapi? Nyumbani unaongea na nani? Mama yule akaanza kulia. Tangu apate habari ya kifo cha kaka yake hajalala vizuri, na hajamwambia mtu. Mama Mzee akampa uji, akamwambia aende kwa muuguzi apimwe presha, kisha kesho arudi watwange sombe pamoja. Dawa ya kunywa haikutoka siku hiyo.

Wapendwa, hatusemi miti haina dawa. Kinini inatoka kwenye gamba la mti, na watu wa Kivu wanaujua mti huo, unalimwa kwetu. Dawa ya mseto ya malaria nayo ilianzia kwenye mmea wa China, na mama aliyegundua dawa iliyomo kwenye mmea huo, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kidonge kimepimwa, kila kimoja kina nguvu sawa. Kikombe cha majani leo ni kikali, kesho ni maji tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai ya mmea huo.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Mtoto akiwa na homa, apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Foleni ni ndefu, tunajua, lakini kaburi halina foleni.
2. Degedege, kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, viganja vyeupe: ni hospitali mara moja, hata usiku.
3. Ukinywa majani, mwambie daktari. Usimfiche. Dawa mbili zinaweza kugombana tumboni.
4. Mama mjamzito asinywe miti shamba bila kumwuliza mkunga.
5. Mganga asiyeuliza kitu, anayesema anatibu magonjwa yote, anayekukataza hospitali: mkimbie.

Tulipoaga, Mama Mzee alituonyesha mubirizi alioupanda nyuma ya nyumba. Anatafuta msichana wa kubeba kikapu. Anasema vijana wanataka kujua dawa tu, hawataki kujua mgonjwa.

Jioni hii waulizeni wazee wenu: kwetu tuliwajuaje waganga wa kweli? Majibu yenu tuleteeni shuleni.

Tuonane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea