Merikebu Isiyotaka Kukauka

Mvuvi wa ziwani ajua jambo hili tangu utoto wake: mtumbwi ukivutwa pwani na kuachwa juani siku nyingi, mti wake wapasuka. Mwenye akili huufunika kwa majani, au huurudisha majini upesi. Sasa fikirini merikebu nzima, mita 69 toka ncha hata ncha, iliyolala chini ya maji muda wa karibu miaka 333, kisha ikaletwa juu. Nani awezaye kuikausha isipasuke? Huko Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, wako mafundi walioandikwa kwa kazi hiyo, nao hata leo hawajaimaliza.

Merikebu hiyo yaitwa Vasa. Mfalme Gustav II Adolf aliijengesha kwa ajili ya vita, akaipakia mizinga 64. Tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga kwa safari yake ya kwanza. Haikufika hata mita 1,500; upepo uliilaza ubavu, maji yakaingia katika matundu ya mizinga, ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Ilikuwa nzito mno upande wa juu. Wafu walikuwa kama 30. Bahari ile haina chumvi nyingi, na wale wadudu watoboao mbao za vyombo hawakai humo; ndiyo sababu tarehe 24 Aprili 1961 ilipoinuliwa ilikuwa bado merikebu, si rundo la kuni.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mti uliolowa hivyo husimama kwa nguvu ya maji yaliyo ndani yake. Yakitoka kwa haraka, husinyaa na kupasuka. Basi mafundi waliinyunyizia dawa mfano wa nta, iitwayo polietileni glikoli, ipate kushika mahali pa maji. Walinyunyiza tangu 1962 hata 1979. Miaka 17! Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza alikuwa kijana siku ya mwisho. Kisha waliiacha ikauke polepole, miaka mingine tisa. Mwaka 1990 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa, na merikebu imesimama katikati yake.

Mtu angedhani kwamba tangu siku ile kazi imebaki ya kukata tikiti na kufuta vumbi. (Na vumbi lenyewe si kazi ndogo, maana merikebu ile ina sanamu za kuchongwa mamia.) Lakini katika mwaka 2000 mvua zilinyesha sana wakati wa kiangazi cha kwao. Wageni walikuja kwa wingi, makoti yao yakitiririka maji, na hewa ya nyumba ikajaa unyevu. Mara mafundi wakaona madoa meupe na ya manjano juu ya mbao. Kumbe maji machafu ya bandari yalikuwa yameutia mti kiberiti kwa muda wa miaka mingi, na kutu ya misumari ya chuma ilikigeuza kiberiti hicho kuwa asidi, nayo asidi yala mti kutoka ndani.

Tazameni shida yao. Wageni, zaidi ya milioni moja kwa mwaka, huleta joto, pumzi na nguo zilizolowa. Lakini viingilio vyao ndivyo vinavyolipa sehemu kubwa ya kazi. Tena, merikebu iliyofungiwa isionwe na mtu yafaa nini kuliko ilipokuwa chini ya bahari? Kwa hiyo milango haikufungwa. Waliweka mitambo mipya ya kusafisha hewa, wakawa wakiangalia joto lisipite nyuzi 20 na unyevu usipande wala kushuka ghafula.

Baadaye ikaja zamu ya misumari mikubwa iungayo mbao. Tangu 2011 hata 2018 walitoa zaidi ya 5,000, mmoja mmoja, wakatia ya chuma kisichoshika kutu. Msumari mwingine ulitoka kwa urahisi, mwingine ulishikilia kama jino la mkaidi.

Hata hivyo merikebu yajongea. Mafundi wamechagua sehemu kama 400 za mwili wake, nao huzipima mara kwa mara kwa vyombo vya kupimia ardhi. Kila mwaka yainama kiasi cha milimita moja, kwa uzito wake yenyewe, na kwa upande ule ule. Milimita moja jicho haliioni, daftari huiona. Ndiyo maana mwaka 2024 walianza kuijengea mhimili mpya wa chuma wa kuibeba. Nao huufunga kipande kwa kipande, huku watoto wa shule wakipita kando, wakiuliza mizinga iko wapi.