Betri ya Pikipiki Wakati wa Masika



Mvua za Songwe huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Aprili, yaani karibu tangu Majilio hata Pasaka. Katika miezi hiyo njia nyingi za vijijini, kule Ileje na Momba na hata pande za Mbozi, hugeuka matope matupu. Basi mwenye pikipiki huona heri aiegeshe ndani, aifunike turubai, angoje kiangazi. Huko Ulaya nako watu hufanya vivyo hivyo wakati wa theluji. Si vibaya. Lakini katika pikipiki kuna kitu kimoja kisichopumzika hata ukiiacha kimya, nacho ni betri.

Wengi hudhani betri ni kama debe la mafuta ya taa: ukilifunga leo, mwezi wa tano utalikuta kama ulivyoliacha. Sivyo. Ndani ya betri ya pikipiki mna vyumba sita vidogo, na katika kila chumba mna mabamba ya risasi, yale madini laini na mazito, nayo yameloa tindikali. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyetengeneza betri ya risasi ya kwanza mwaka 1859, na asili ya kazi yake haijabadilika mpaka leo. Risasi na tindikali haziachi kufanya kazi pamoja hata kama hakuna taa inayowaka, na kila siku moto wa betri hupungua kidogo. Moto unapopungua, chumvi nyeupe huota juu ya mabamba. Ikiwa ungali mpya, ukuta huo wa chumvi huyeyuka mara betri inapotiwa moto. Ukiachwa miezi mitatu au minne hugandamana, wala hauyeyuki tena. Hapo betri imekufa, na fundi hana dawa.

Huenda ukasema, “Mimi napiga kiki, injini inawaka. Betri ya nini?” Neno hili twalisikia sana, na ndilo linalotutia hofu. Katika pikipiki nyingi ndogo taa kubwa ya mbele hupata umeme wake kwa injini yenyewe, kwa hiyo mwenye pikipiki huiona inawaka akadhani mambo yote ni sawa. Lakini taa ya breki, indiketa na honi hutegemea betri. Sasa fikiri njia kuu ya Vwawa kwenda Tunduma, saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeshuka, na nyuma yako yuko dereva wa lori la mizigo anayewahi mpakani. Wewe unakanyaga breki naye haoni kitu. Nyuma yako umempakia mama mja mzito anayepelekwa hospitali. Tena ziko pikipiki za siku hizi ambazo bila betri hazitoi hata cheche, utapiga kiki mpaka jasho likutoke.

Basi tufanyeje? Kwanza, siku unapoiegesha pikipiki, itoe betri. Legeza kwanza waya wa upande wa kutoa, wenye alama ya mstari mmoja, kisha ule wa kujumlisha, wenye alama ya msalaba. Siku ya kurudisha, geuza: anza na wa kujumlisha. Sababu yake ni kwamba chuma chote cha pikipiki kimeungwa na upande wa kutoa. Ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa fremu, zitaruka cheche na unaweza kuungua mkono. Kuitoa kuna faida nyingine pia. Vijana wengi wamefunga king'ora cha kuzuia wizi, au kidude cha kuchajia simu, na vitu hivi hunyonya moto usiku na mchana hata swichi ikiwa imezimwa.

Vichwa vya betri vikiwa na ukungu mweupe au wa kijani, visugue kwa mswaki mkuukuu na maji yenye magadi. Magadi huua tindikali. Angalia tu yasiingie ndani ya betri, maana yataiua pia ile iliyomo. Kausha vizuri, pakaa mafuta mazito kidogo. Iweke mahali pakavu penye hewa, mbali na meko na mbali na mikono ya watoto. Wazee wengine husema isiwekwe sakafuni kwa kuwa saruji hunyonya moto. Betri za siku hizi zina ganda la plastiki, saruji haizidhuru, ila juu ya kibao haitaloa maji yakiingia nyumbani.

Pili, ilishe kila mwezi. Walio na desturi ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi hawawezi kusahau: siku ya pili yake, Jumamosi, iwe zamu ya betri. Tofauti ipo kati ya mahali na mahali. Joto huharakisha kupotea kwa moto, hata likiongezeka digrii kumi tu betri hupoteza karibu mara mbili. Kwa hiyo mtu wa Vwawa, kwenye baridi ya juu, mwezi mmoja humtosha, lakini ndugu yetu wa Kamsamba kule bondeni asipitishe majuma mawili au matatu. Ukiwa na mita, au fundi akikuazima, pima baada ya betri kutulia saa kadhaa. Ikionyesha volti 12.6 au zaidi, imeshiba. Ikishuka chini ya 12.4, itie moto. Ikifika 12, karibu imekwisha, usingoje kesho.

Hapa ndipo betri nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Unaipeleka kwa fundi, naye anaifunga kwenye chaja ya magari, mara inachemka. Betri ya pikipiki ni ndogo. Tazama ubavuni mwake utaona imeandikwa ampea-saa 5, au 7, au 9. Moto wake uwe sehemu ya kumi ya hesabu hiyo: betri ya 5 ipewe nusu ampea, na iachwe saa kumi au zaidi. Mwambie fundi waziwazi, “Nipe moto mdogo,” wala usione haya. Wasio na umeme wa gridi wana bahati kuliko wanavyojua, maana paneli ya sola ya wati 10 hutoa zaidi kidogo ya nusu ampea jua likiwaka vizuri. Pitisha waya kwenye kidhibiti cha chaji, na siku za mawingu ongeza muda. Paneli kubwa ya wati 100 usiifunge moja kwa moja. Tena, betri ikitiwa moto hutoa hewa inayolipuka, basi asiwepo mtu wa sigara karibu.

Wako wanaowasha injini dakika tano kila Jumapili, wakidhani wameilisha. Kwa pikipiki ya stata, kuwasha kwenyewe kumekula moto, na dakika tano za kunguruma papo hapo hazirudishi ulioliwa. Ni heri kwenda nayo mwendo wa nusu saa siku njia inapokauka, au kuiacha kabisa na kuilisha betri kando.

Betri ya maji, yenye vifuniko sita, yataka kutazamwa kiasi cha maji. Yakipungua chini ya mstari, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa. Ya kisima hayafai, yana chumvi za ardhini. Na dukani angalia sana: ukisema “maji ya betri” waweza kupewa chupa ya tindikali, ambayo kazi yake ni kujaza betri mpya mara moja tu. Ukiongeza tindikali kila mara, mabamba yataliwa. Ile iitwayo betri kavu usiifungue kabisa. Tindikali ikikurukia ngozi au jicho, mwagia maji mengi, mengi sana, kisha nenda zahanati.

Iliyokwisha kufa usiipasue. Wapo wanaoyeyusha risasi yake jikoni watengeneze vizito vya nyavu, na moshi na vumbi lake huingia kwa watoto, hudumaza akili zao bila dalili ya haraka. Irudishe kwa muuza betri unaponunua nyingine, mara nyingi atakupunguzia bei.