Njia Kwanza, Nyumba Baadaye

Mkulima atakaye kujenga shambani kwake hafanyi haraka ya kusimamisha nguzo. Kwanza hushika panga akafyeka njia, maana anajua kwamba miti, udongo na makuti vyote vitapita hapo, na kwamba siku mmoja wa nyumbani mwake akiugua usiku, ni njia hiyo hiyo itakayomfikisha kwa mganga. Jambo hili analolijua mkulima asiyepata kuingia darasani, miji yetu imelisahau mara nyingi.

Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza katika Dar es Salaam kazi kubwa iliyoitwa Mradi wa Viwanja 20,000. Ardhi ilipimwa pembezoni mwa mji: Kibada, Kisota, Gezaulole na Mwongozo upande wa Kigamboni, Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala, Bunju, Mivumoni na Mbweni upande wa Kinondoni. Fedha za kuanzia zilikopwa Hazina, nazo zikarudishwa kwa mapato ya viwanja vilivyouzwa. Kazi ile ilikuwa njema, nasi hatusiti kuisifu, kwani ilimpa mwananchi kiwanja kilichopimwa na hati yenye jina lake. Lakini katika ramani barabara zilinyoka kama mstari wa rula, na mwenye kiwanja alipofika mahali pengi alikuta njia ya udongo iliyochongwa na greda mara moja, pasipo mitaro wala makalavati ya kupitishia maji. Masika yalipokuja, njia ikaenda na maji.

Tangu hapo mitaa mipya mingi imeota kandokando ya mji, mingine kwa mkono wa Serikali, mingine kwa mkono wa makampuni, na mingine kwa mkono wa wananchi wenyewe. Na katika mikutano ya mitaa hiyo lalamiko ni lile lile: nyumba zimesimama, njia hazifai.

Si lalamiko la watu wapendao anasa. Mfanyakazi anayekaa kilomita tatu ndani kutoka barabara kuu hana basi la kumfikia mlangoni. Hupanda bodaboda mpaka kituoni, kisha hupanda daladala. Jioni hulipa tena vivyo hivyo. Mvua ikinyesha nauli ya bodaboda hupanda, au dereva hukataa kabisa kuingia matopeni. Basi yule aliyehama mjini akimbie kodi ya chumba amejikuta analipa kodi nyingine barabarani, kila siku ya Mungu, na bado huambiwa kazini kwamba amechelewa.

Lakini hilo ni dogo. Nyumba ikishika moto, gari la zimamoto haliwezi kupita penye upana wa mkokoteni. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku hawezi kungoja mpaka tope likauke. Hapo ndipo barabara huacha kuwa jambo la starehe ikawa jambo la uhai.

Tena wako wengine wanaoumia ambao hawakununua kiwanja chochote. Hao ni wenyeji wa vijiji vya zamani ambavyo njia zake nyembamba zimefanywa mlango wa mitaa mipya. Njia iliyotosha baiskeli na watoto waendao shule sasa hupitisha malori ya mchanga, kokoto na saruji tangu alfajiri. Kuta hupata nyufa, vumbi hujaa vyakulani, na mzazi hana amani mpaka mtoto wake arudi. Gezaulole, ambayo ilikuwa kijiji cha ujamaa, ina jina la Kizaramo lenye maana ya jaribu uone. Wananchi wa pembezoni wamekwisha kujaribu. Yafaa sasa wenye madaraka waje waone.

Tutajibiwa kwamba fedha hazitoshi. Twajua. Lakini nchi hii iliwahi kuonyesha njia iliyo bora ilipokuwa maskini kuliko leo. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzwa kazi ya kupima viwanja na kuvipatia huduma katika Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Serikali haikuwajengea watu majumba makubwa. Ilitangulia kuweka barabara na maji, ikamwachia mwananchi ajenge nyumba yake kadiri ya uwezo wake. Apitaye Sinza leo huona mitaa iliyonyoka na magari yakiingia. Wachunguzi waliotangaza matokeo yao mwaka 2021 waliona kwamba maeneo ya namna ile, baada ya miaka mingi, yana nyumba bora na ardhi ya thamani kubwa zaidi kuliko maeneo yaliyoachwa yajipange yenyewe. Barabara iliyotangulia ililipa.

Wala daraja kubwa peke yake si dawa. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016 likaunganisha Kurasini na Kigamboni, na watu waliokuwa wakitegemea pantoni wakashukuru. Lakini faida ya njia sita za daraja humfikia mwananchi nusu tu, ikiwa kutoka hapo mpaka nyumbani kwake ni mashimo.

Kosa kubwa tunaloliona ni kwamba mwenye kuuza kiwanja siye mwenye kutengeneza barabara. Mmoja hupima na kupokea fedha, na tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Mwananchi akiuliza huku huambiwa aulize kule. Mtoto wa baba wawili hulala na njaa.

Kwa hiyo twasema hivi. Pasiuzwe kiwanja wala nyumba katika mtaa mpya kabla ya barabara ya kuingilia kufunguliwa, kushindiliwa na kuwekewa mitaro. Katika bei ya kila kiwanja, sehemu ya barabara itengwe na itangazwe hadharani, mnunuzi aione. Kampuni inayojenga nyumba nyingi ilazimishwe kutengeneza njia ya malori yake, isivunje ya wanakijiji. Na penye kijiji cha zamani, wenyeji waulizwe kabla ya greda kuja, na fidia ilipwe kamili, kwa haki na kwa haraka, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyotaka.

Nasi wananchi tujikosoe pia. Wako miongoni mwetu wanaosogeza kuta usiku mpaka ndani ya barabara, na wanaotupa taka mitaroni, kisha mvua ikija hulaani Serikali. Mwenye kula njia ya jirani yake leo, kesho atatolewa jeneza dirishani.

Nyumba isiyofikika ni kisiwa. Hatukujenga miji ili tuwafanye watu wetu kuwa wakazi wa visiwa. Njia itangulie, nyumba ifuate.