Istilahi Zinazoundwa kwa Ubia: Ni Maarifa ya Nani?

Kampuni zinazoshindana zinaposhirikiana katika utafiti, suala gumu huwa ni kiasi cha maarifa ambacho kila moja itampa mwenzake. Kati ya mwaka 1976 na 1980, kampuni tano za Japani, zikiwemo NEC, Hitachi na Toshiba, zilifanya utafiti wa msingi wa saketi za kompyuta katika maabara ya pamoja, kisha zikarudi sokoni kushindana kwa bidhaa. Katika teknolojia ya Kiswahili, utafiti wa msingi ni istilahi, na huko ushirikiano wa namna hiyo bado ni haba.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Wakati huohuo Microsoft ilikuwa ikiandaa Windows ya Kiswahili. Kila upande ulikuwa na faharasa yake. Hasara hapa si kurudia kazi tu. Faharasa huonyesha neno lililoteuliwa, lakini haionyeshi maneno yaliyokataliwa wala sababu za kuyakataa. Sababu hizo zisipohifadhiwa, mradi unaofuata huanza upya mjadala uleule.

Athari zake hudhihirika mipakani. Wakuria wanaishi Tanzania na Kenya. Mwanafunzi wa Nyarero, wilayani Tarime, hufundishwa kuhusu kompyuta. Jamaa yake aliye shuleni Kenya hufundishwa kuhusu tarakilishi. Visawe haviidhuru lugha. Kinachowadhuru wasemaji ni programu inayotambua kisawe kimoja tu.

Wapo wanaodai kwamba aliyegharimia utafiti hapaswi kumfaidisha mshindani wake. Hoja hiyo ina uzito kuhusu mitambo, si kuhusu istilahi, kwani istilahi hupata thamani kwa kutumiwa na wengi. Mozilla, kupitia mradi wa Common Voice, tayari hutoa rekodi za sauti za Kiswahili bila kujibakizia hakimiliki.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila mkataba wa utafiti baina ya kampuni na chuo kikuu uwe na sharti hili: mradi unapomalizika, istilahi, fasili zake, na maneno yaliyokataliwa pamoja na sababu zake, vikabidhiwe BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Programu na ibaki mali ya kampuni. Vyuo vikuu vinaweza kudai sharti hilo, kwa kuwa wataalamu ambao kampuni zinawahitaji wamo humo.