Mmoja mmoja walikataliwa, chama kikasikilizwa



Siku ya likelemba mama mmoja alituuliza: «Kila mara mnasema mvua inachelewa, ziwa Tshangalele linashuka, samaki wanapungua. Sasa, hiyo hali ya hewa mtaishitaki wapi?» Tulicheka wote. Lakini tulipofika nyumbani swali lile halikutuacha, na leo tunawaletea jibu.

Hali ya hewa yenyewe haishitakiwi. Anayeshitakiwa ni serikali iliyoacha wajibu wake, au sosiete iliyopewa ruhusa bila sheria kufuatwa. Siku hizi kuna watu ambao kazi yao ni kuchambua sheria za hali ya hewa na kesi zake. Wanasoma sheria inadai nini, wanaangalia ni nini kilichofanyika kweli, kisha wanaonyesha pengo lililo katikati. Tumechagua kesi tatu ambazo kila mama anaweza kuzielewa.

Ya kwanza ni ya Lamu, pwani ya Kenya. Huko sosiete ilitaka kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, na mwaka 2016 ikapewa ruhusa. Wenyeji, chini ya muungano wao Save Lamu, walienda mahakama ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 ruhusa ile ilifutwa. Kwa nini? Mikutano ilikuwa imefanyika, ndiyo, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Uchunguzi wa madhara ulipokwisha, watu hawakuelezwa vizuri umeonyesha nini ili watoe maoni yao. Tena sheria ya Kenya ya mabadiliko ya hali ya hewa haikuangaliwa. Mnaona, wamama? Kuitwa kwenye mkutano na kupewa soda si kuulizwa.

Ya pili ni ya bomba la mafuta, kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Tanga nchini Tanzania. Mashirika manne yalipeleka kesi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Novemba 2020. Novemba 2023 kesi ilitupwa. Majaji hawakusema kwamba bomba ni zuri au baya. Walisema mmechelewa, kwa maana mkataba unatoa miezi miwili tu. Hili linatuhusu pia, kwa sababu Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Mlango wa Arusha uko wazi kwetu, lakini hausubiri anayesinzia.

Ya tatu ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Katika Uswisi wanawake wazee zaidi ya 2,000 waliunda chama chao. Walisema joto kali linaua wazee, hasa wanawake, na serikali yao haifanyi ya kutosha. Mahakama za kwao ziliwakataa. Wakaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 9 Aprili 2024 wakashinda. Sasa sikilizeni vizuri. Wamama wanne kati yao walikuwa wameshitaki pia kila mmoja kwa jina lake. Hao wanne mahakama haikuwakubali. Iliyemkubali na kumsikiliza ni chama.

Na sisi wa Mwadingusha je? Bwawa letu limezalisha umeme tangu 1930, na ziwa lake limetulisha sisi na watoto wetu. Sheria tunayo. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai kwamba mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara, na raia waulizwe kabla ya kazi kuanza. Kuulizwa si zawadi ya mkubwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili, na yote mawili hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza, kila kikundi kiwe na daftari. Mvua ya kwanza imenyesha tarehe gani? Maji ya ziwa yamefika wapi? Nani alikuja kufanya mkutano, siku gani, alisema nini, alionyesha karatasi gani? Kule Lamu kesi iligeuka kwa maswali ya namna hii, na Arusha ilianguka kwa sababu ya tarehe. Yule binti wa sekondari anayeandika vizuri, mpeni kazi hiyo.

La pili, tuangalie karatasi za vyama vyetu. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inaeleza namna chama kinavyotambuliwa na serikali. Chama kilichotambuliwa kinaweza kusimama mbele ya jaji kwa jina lake. Kama karatasi zenu zimelala sandukuni bila kukamilishwa, ziamsheni sasa, si siku mtakapomtafuta avoka mbio mbio.

Wakubwa wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Majaji wa Strasbourg hawakuijua methali hiyo, lakini waliamua kama walioisikia.

Mkutano ujao tuleteeni madaftari yenu. Tutayasoma pamoja. Mbaki na amani.